Bima ya safari kwa fungate la melini



Msimu huu wa harusi, kila tukikaa kwenye mkeka wa hina swali ni hilo hilo. Dubai wameshaichoka, hoteli za Nungwi wanazijua, sasa mabibi harusi wanataka meli. Na hatusemi boti ya Pemba. Tunasema meli ya kitalii, ile yenye ghorofa kumi na zaidi na mikahawa ndani, inayolala bandari moja na kuamkia nyingine. Tangu Saudia izindue AROYA mwezi wa Desemba 2024, meli isiyouza pombe, hata wale ambao mama zao walikuwa wakiguna sasa wanaruhusiwa kuuliza bei.

Bei za vyumba mnazijua kutushinda. Tunataka kuzungumzia karatasi moja ambayo watu huiacha mwisho, na mara nyingi huinunua kwa kubonyeza kitufe tu wakati wa kulipa tiketi: bima ya safari.

Sisi ni dada wawili. Mwaka jana tulikabidhiwa kazi ya kupanga safari ya mdogo wetu na mumewe: ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja hadi Istanbul, kisha meli ya siku saba kupita visiwa vya Ugiriki. Shemeji alishika fedha, sisi tukashika karatasi.

Wa kwanza kutupinga alikuwa bibi yetu. "Nyinyi wajukuu zangu, mnanunua balaa kabla halijafika?" Hatukumjibu papo hapo, kwa adabu, na pia kwa sababu swali lake lina uzito. Wako wengi wanaoona kwamba kukata bima ni kupungukiwa na tawakul. Lakini kila aliyekaa chuoni anaijua hadithi ya bedui na ngamia wake, aliyeambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Kujikinga hakuna anayekukatalia. Wanavyuoni walichokipinga ni namna mkataba ulivyo: unalipa kiasi maalumu kwa jambo lisilojulikana kama litatokea, fedha zako zinazungushwa kwenye riba, na mmoja wenu anafaidika kwa hasara ya mwenzake. Mwezi wa Desemba 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah na kuamua kwamba bima ya biashara ya namna hiyo ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, na likaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana.

Hiyo ndiyo takaful. Wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya tabarrui, mfuko ni wao, kampuni inalipwa ujira wa kuusimamia, na ziada ikibaki inaweza kurudi kwa wachangiaji. Ukimweleza mama yako kuwa ni kama kile kikundi chenu cha kufa na kuzikana, lakini chenye hesabu na wanasheria, ataelewa kuliko sisi tulivyoeleza hapa. Sudan walianza mwaka 1979, Malaysia wakaitungia sheria mwaka 1984, Kenya kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilipata leseni mwaka 2011, na hapa nyumbani Shirika la Bima la Zanzibar nalo limeingia kwenye takaful. Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwako ni hili: anza kuuliza huko. Uliza kwa maandishi kama wana bima ya safari, na kama inafanya kazi ukiwa juu ya meli. Sisi kwa tarehe zetu hatukupata takaful yenye kipengele cha meli. Tukaenda kwa ustadhi wetu, tukamweleza kwamba viza yenyewe haitoki bila bima, akatupa jibu lake. Jibu hilo ni la hali yetu. Wewe nenda kwa wako na karatasi mkononi, usimpelekee maneno ya barazani.

Na tucheke kidogo. Sisi tunaoona bima ya safari ni mambo ya Wazungu, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tunamtoza mgeni dola 44 za bima kabla hajaingia Zanzibar. Tunawauzia wenzetu kitu ambacho wenyewe hatukisomi.

Sasa kwa nini meli iwe na habari yake mbali na hoteli? Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa bahari. Kusi likivuma tunajua boti ya asubuhi inaweza isiondoke, na hakuna nyumba Unguja wala Pemba isiyokumbuka Septemba 2011 na MV Spice Islander. Lakini tabia ya meli ya kitalii ni nyingine, na hatari zake nyingi ni za mfukoni.

Daktari wa melini yupo, tena mara nyingi ni daktari mzuri, ila si wa bure. Kadi uliyoiacha wakati wa kupanda ndiyo itakayokatwa: kumwona, dripu, vipimo, kila kitu. Akiona ugonjwa umemzidi, utashushwa bandari inayofuata, au kama bandari iko mbali na hali ni mbaya, itaitwa helikopta. Gharama ya kuhamishwa mgonjwa namna hiyo inaweza kumeza harusi nzima na ukumbi wake. Kisha kuna habari ya kufungiwa chumbani ukiharisha au ukipata homa, kwa sababu meli inaogopa maambukizi kama shule ya bweni inavyoogopa. Mnakumbuka Diamond Princess, Februari 2020, pale Yokohama: watu zaidi ya 3,700 walizuiwa ndani kwa sababu ya korona. Na nahodha ana haki ya kuruka bandari. Hali ya hewa ikichafuka, Santorini yako inakuwa siku ya kutazama maji, na mkataba wa tiketi unamruhusu. Wapo wenye bima wanaolipa kitu kidogo kwa kila bandari iliyorukwa, wengine hawalipi.

Jambo la mwisho katika hili, na kubwa: meli haikusubiri. Ndege ya Istanbul ikichelewa, mizigo ikipotea, foleni ya mjini ikakukwamisha, saa ikifika ngazi inainuliwa. Kwa hiyo fika siku moja kabla. Hilo halihitaji bima, linahitaji usiku mmoja wa hoteli.

Bima nyingi za kawaida za safari hazihesabu meli mpaka uongeze kipengele chake na kukilipia. Ukiona hati imetaja ndege, hoteli na gari, na neno meli halimo, uliza. Ukijibiwa "imo tu", omba uoneshwe ukurasa.

Mezani kwetu zilikuwa hati tatu.

Ya kwanza ilikuja na tiketi. Ilikuwa rahisi na imeshawekewa alama ya kukubali. Tulipoisoma tukaona kwamba inalinda zaidi fedha za ile kampuni kuliko fedha zetu: ukivunja safari kwa sababu zilizoorodheshwa, unarudishiwa sehemu, na nyingine unapewa kama punguzo la safari ijayo. Matibabu yalikuwa na kiwango kidogo sana. Bibi harusi aliyevunja fungate kwa msiba anataka punguzo la meli la nini?

Ya pili ilikuwa ile ya kuombea viza. Sheria ya Schengen inataka bima ya angalau yuro 30,000, inayolipa matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Hati za namna hii ni za bei nafuu, na ubalozi unaridhika nazo. Wengi wanaishia hapo, na tunaelewa kwa nini. Lakini tazama ramani ya safari yetu: meli inaondoka Istanbul na kurudi Istanbul, na Uturuki haimo katika Schengen. Hati ile iliandikwa wazi kwamba inafanya kazi ndani ya nchi za Schengen tu. Yaani mdogo wetu angekuwa na bima Rhodes na Mykonos, na Istanbul asiwe nayo. Tena haikuwa na neno hata moja kuhusu kuvunja safari wala kukosa meli.

Ya tatu ilikuwa ya dunia nzima, yenye kipengele cha meli. Dola 118 kwa wote wawili. Shemeji alivuta pumzi. Tukamwambia alinganishe na alicholipa kwa mpiga video, akanyamaza. Matibabu dola 200,000, kuhamishwa mgonjwa kutoka baharini kumetajwa kwa jina, kufungiwa chumbani, kukosa meli kwa kuchelewa ndege, kuvunja safari kabla na kuikatisha njiani.

Tungeweza kulipa siku ile ile. Kilichotuchelewesha siku nne ni mama.

Mama yetu alikuwa na presha ya miaka mingi na sukari iliyokuja baadaye. Hakuwa msafiri. Alikuwa abaki nyumbani Unguja na sisi. Ukisoma hati hizi haraka utadhani maswali ya maradhi yanamhusu anayesafiri peke yake. Sivyo. Mkataba ule ulilipa kukatisha safari ikiwa jamaa wa karibu aliye nyumbani ameugua sana au amefariki, kisha chini, kwa herufi ndogo, ukasema haulipi ikiwa sababu ni ugonjwa wa jamaa huyo uliokuwa unajulikana kabla ya kununua, ila kama umetajwa na kukubaliwa. Fikiria ni nyumba ngapi kisiwani petu ambazo hazina mzee mwenye presha.

Wakala aliyekuwa akituuzia, kijana mwenye heshima zake, akatushauri tusiandike. "Dada zangu, mkiitaja mtapandishiwa bei bure. Nani atajua?" Hatukukubali. Kwanza, kampuni ingejua siku ya dai, maana barua ya daktari inaandika historia yote. Pili, kuficha ni kuficha. Tunawalaumu wauza samaki wanaoweka wabichi juu na waliolala chini, halafu sisi tufiche ugonjwa kwenye mkataba? Tukaandika dawa zake zote na tarehe aliyolazwa mara ya mwisho. Wakaongeza dola 31, wakatupa barua kwamba maradhi ya mama yamekubaliwa. Barua hiyo tuliiomba wenyewe, hawakuwa na haja ya kuitoa.

Siku ya nne ya safari, meli ikiwa Rhodes, mama alipata kiharusi.

Tulipiga simu saa tatu asubuhi. Mdogo wetu alikuwa ameshashuka mjini, mumewe ndiye aliyepokea. Hakuuliza mengi. Alipiga ile namba ya dharura ya bima kabla ya kununua tiketi yoyote, na hili ndilo jambo tunalotaka mlishike: mikataba mingi inataka wapigiwe kwanza, wakubali, ndipo utumie fedha. Waliomba barua ya daktari kwa Kiingereza. Sisi huku tulikuwa korido ya hospitali, tukamsubiri daktari amalize mzunguko wake, akaandika, tukaipiga picha na kuituma. Wakakubali ndani ya saa mbili. Mapokezi ya meli nayo yakatoa karatasi inayosema abiria hawa wameshuka hapa, tarehe hii, kwa dharura ya familia, na wakarudishiwa pasipoti. Kwa kuwa walikuwa na viza ya Schengen halali, uhamiaji wa bandarini haukuwazuia. Rhodes hadi Athens, Athens hadi Istanbul, Istanbul hadi Unguja.

Mama alikuwa hasemi, lakini aliijua sauti yake. Alimshika kidole cha shahada akakivuta, kama alivyozoea kumvuta akiwa mtoto. Alikaa nasi siku nane baada ya hapo. Tulimwosha sote watatu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Fedha zilirudi baada ya miezi miwili na nusu. Walilipa tiketi mpya za ndege na zile siku za meli zilizobaki, wakakata kile kiasi cha mwanzo ambacho kila mwenye bima hujilipia mwenyewe. Hawakulipa matembezi ya kupiga picha tuliyoyanunua nje ya kampuni ya meli bila risiti ya maana, na bahashishi ya wahudumu iliyokatwa mapema nayo ikaenda. Tulituma vipande vya tiketi za ndege, karatasi ya mapokezi, barua ya daktari na cheti cha kifo. Waliandika kuuliza kuhusu presha. Tukawatumia barua yao wenyewe.

Tusingependa kila mmoja asome hati akimfikiria mama yake kitandani. Kwa hiyo yako na mengine ya kuangalia, hasa kwa maharusi.

Mimba. Wengi siku hizi wanachelewesha fungate miezi mitano au sita wasubiri likizo, na Mungu anawajaalia mapema. Kampuni nyingi kubwa za meli hazimpokei mama ambaye atafikia wiki ya 24 kabla safari haijaisha, na zinataka barua ya daktari hata kabla ya hapo. Hesabu wiki za siku ya kurudi, usihesabu za siku ya kuondoka. Kwa upande wa bima, uliza kama inalipa matatizo ya mimba na mpaka wiki ya ngapi, na kama kupata mimba baada ya kununua tiketi ni sababu inayokubaliwa ya kuvunja safari. Wengine hukubali matatizo yaliyothibitishwa na daktari tu. Swali hili bibi harusi wengi wanaona haya kumuuliza wakala mwanamme. Andika barua pepe.

Dhahabu. Kila hati ina kiwango cha juu kwa kitu kimoja, na mara nyingi seti moja ya mahari inakipita kiwango hicho mara kadhaa. Ukiiacha mezani chumbani badala ya kwenye sefu, usitarajie kitu. Ushauri wetu ni wa kizamani: bangili muachie mama mkwe, nenda na pete na vipuli.

Vespa. Mwanamme wa Unguja akiiona vespa ya kukodi kwenye kisiwa cha Ugiriki, hakuna fungate tena. Bima nyingi hazilipi ajali ya pikipiki kama dereva hana leseni ya pikipiki au hakuvaa helmeti, na baadhi haziigusi kabisa. Ulevi pia haulipwi, ila hapo alhamdulillah hatuna neno.

Vita. Njia za Bahari ya Shamu na jirani zake zimekuwa na misukosuko, na mikataba mingi haigusi hasara inayotokana na vita, au safari ya kwenda mahali serikali imeshaonya. Meli ikibadilisha njia kwa sababu hiyo, muulize anayekuuzia nani anarudisha nini.

Na mauti, kwa sababu sisi hatuyaogopi kuyataja. Hati zinaandika "kurudisha mwili au kuzika huko huko", na nyingine zinaongeza kuchoma, kila moja na kiwango chake. Uliza nani anachagua. Tulitaka iandikwe kwamba uamuzi ni wa familia, kwamba mwili hauchomwi kwa hali yoyote, na kwamba tukiamua azikwe haraka kwenye makaburi ya Waislamu ya huko, gharama hizo zinalipwa kama ambavyo ungelipwa usafirishaji. Mkataba haukubadilika kwa ajili yetu, lakini walitujibu kwa barua, na barua hiyo tuliiweka pamoja na hati.

Bima inunuliwe lini? Karibu na siku uliyolipa rubuni ya chumba, kwa sababu ulinzi wa kuvunja safari unaanza siku uliyonunua. Aliyengoja wiki ya kuondoka ameziacha fedha zake wazi miezi yote ile. Na tarehe zianze siku ya kutoka nyumbani, ziishe siku ya kufika nyumbani, tena uongeze siku mbili za ndege kuchelewa.

Mwenye safari ya karibu, afanye hili leo kabla ya Magharibi. Piga picha hati yako yote, mtumie mwenzako. Namba ya dharura na namba ya mkataba ziandike kwenye karatasi, moja ndani ya pochi, moja muachie aliyebaki nyumbani, maana simu hufa na intaneti ya melini ni ghali. Karatasi yetu tuliibandika kwenye mlango wa friji, chini ya ratiba ya dawa za mama, na bado ipo pale.